Neno Ambalo Dada Hamwambii Kaka

Bergen, Norwe
25 Januari 2004

Kaka Gerson,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka mji ambao mvua yake haijui kuaga. Ikishafika inakaa na watu kama mpangaji. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na nimeshajifunza kutembea juu ya barafu bila kuanguka mbele za watu.

Najua unachosubiri si salamu. Zile seli nilizozikwangua puani mwako kwa kibrashi wakati wa Krismasi, ukanipigia chafya usoni na wifi Christina akacheka mpaka akakaa chini, zilifika salama. Siku ileile ya kuzikwangua nilizitazama kwa hadubini niliyoazima pale sekondari, nikaona hazitikisiki, lakini nikajipa moyo kwamba labda nimeziua mwenyewe. Sasa nimezitazama kwa hadubini kubwa ya hapa chuoni. Kaka, huna TB. Hukuwa nayo mara ya kwanza ulipokunywa zile dawa, wala mara ya pili. Na ile nyingine ambayo wenzako wa site wanainong'ona, ile iliyowafanya wakutengee kikombe, huna pia. Majibu uliyopewa Arusha ni ya kweli. Waambie hivyo kwa sauti.

Ulicho nacho umezaliwa nacho. Nitakueleza kifundi, kwa kuwa wewe ni fundi.

Kila seli ya mwili ina mirunda yake ndani. Watu hudhani seli ni tone la ute tu, kumbe imesimamishiwa jukwaa zima: mirija myembamba na nyuzi, zinazojengwa, zinazobomolewa na kujengwa tena upande mwingine kazi inapohamia. Juu ya mirija hiyo kuna protini zinazotembea. Zinatembea kweli, mguu mmoja unashika, mwingine unaachia, na zimebeba mzigo kama saidia fundi wako wanavyopandisha karai la zege. Moja inaitwa kinesini; nyingi za ukoo wake hupeleka mizigo pembeni mwa seli. Nyingine inaitwa dainini. Hiyo huirudisha katikati. Hizi ndizo mota za mwili. Bila hizo, seli haigawanyiki, na mzigo hautoki ulipo.

Dainini ina kazi ya pili. Njia yako ya hewa imejaa vinyweleo vidogo mno, na ndani ya kila kimoja mirija imepangwa kwa duara. Dainini hukaa kati ya mrija na mrija kama mkono: unamshika jirani, unamvuta, unamwachia, na kinyweleo kinapinda na kurudi. Ndivyo vinavyosukuma makohozi yatoke na vumbi lake. Kwako mirija ipo, imepangwa vizuri kabisa. Mikono haipo. Niliitafuta picha baada ya picha, nikamwita mwalimu wangu naye akaitafuta. Kwa hiyo saruji ikiingia kifuani mwako haina wa kuitoa ila kikohozi.

Na moyo wako uko kulia. Vinyweleo vya jamii hiyo ndivyo vinavyoamua, mtoto akiwa bado kitu kidogo tumboni, moyo ukae upande gani. Visipopiga inakuwa bahati nasibu. Nilipokuwekea mkono kifuani nilidhani nimekosea, ndipo nikaomba picha zako za eksirei. Kumbe yule mpiga picha alikuwa akizigeuza kila mara, akiamini ameziweka kinyume, kisha anaandika kushoto pale alipouona moyo. Miaka yote hiyo alikuwa anakusahihisha.

Dawa ya kuileta mikono hiyo haipo, kaka. Haipo hapa wala kwingine kokote. Kuna kulala kichwa kikiwa chini na kugongwa mgongo makohozi yashuke, kuna kuwahi antibiotiki, na kuna kuacha saruji. Najua hutaiacha.

La mwisho. Dainini haitakiwi puani na kifuani peke yake. Kuna mahali pengine mwilini mwa mwanamume inapotakiwa, mahali ambapo dada hamwambii kaka yake. Nakuomba uende kwa daktari mwanaume, umpe barua hii aisome mwenyewe, atakumalizia. Na kabla hajakumalizia, usimlaumu mtu yeyote nyumbani mwako.

Mdogo wako,
Dorothea


Maisaka, Babati
16 Februari 2004

Dorothea, profesa wa makamasi,

Marahaba mdogo wangu, tena marahaba ya kifua kipana! Barua yako imefika imekunjamana kama imelaliwa na ng'ombe, lakini neno halijapotea hata moja. Sisi wote wazima, Mama anakusalimu, Christina anakusalimu, na hata huu mkoa wetu mpya unakusalimu maana kila siku unachimbiwa msingi wa ofisi nyingine. Kazi ipo mpaka tunaikimbia.

Niliisoma site wakati wa chai, kwa sauti kama ulivyosema. Nilipofika pale pa "huna TB" na pale pa "ile nyingine", Nickson akainuka, akachukua kile kikombe changu nilichotengewa, akamwaga chai chini, akanipa chake. Mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Dorothea, hujui umenifanyia nini. Nimerudi kwaya, nimeomba nirudishwe besi, nikikohoa sasa nakohoa kama mwenye mali.

Habari ya mirunda imewapendeza sana. Yule kijana mrefu anayepandisha zege tumembatiza Dainini, na ameshaanza kuitika.

Sasa pale mwisho umenizunguka kidogo, lakini kaka yako si mjinga. Mahali ambapo dada hamwambii kaka ni masikio! Umeona haya kunitamkia kwamba nazeeka nikiwa kiziwi. Nilikwenda kwa daktari wa masikio, mwanaume kama ulivyotaka, akachungulia akakuta maji ndani ya sikio la kushoto, akasema mambo hayo yanafuatana na pua. Barua yenyewe sikuwa nayo, imeazimwa, inazunguka site kila mtu aisome. Lakini nilimweleza vizuri.

La nyumbani ni zito zaidi. Mama bado hataki nifunge ndoa na Christina kanisani kabla hajashika mimba. Sasa amesema mahindi yakivunwa bila habari yoyote, Christina arudi kwao Mutuka, naye ataniletea binti kutoka nyumbani Same. Nampenda Christina, wewe shahidi. Zamani nilikuwa namkinga kwa kifua changu, namwambia Mama labda ni haya maradhi yangu yanayozuia. Sasa umenisafisha kwa sayansi, mbele ya watu wote, sina tena cha kumkingia. Mama mwenyewe amesema, "Si unaona, wewe ni mzima." Nifanye nini?

Kaka yako,
Gerson


Bergen
7 Machi 2004

Wifi yangu Christina,

Barua hii naipitisha kwa kaka yako Apolinary kanisani ili Mama asiishike. Isome ukiwa peke yako.

Wewe si mgumba. Naanza na hilo kwa sababu huenda mtu akaingia usilimalize lililobaki.

Gerson amenielewa vibaya, na kosa ni langu, nilizungukazunguka. Mbegu ya mwanamume ina mkia, na mkia ule umejengwa vilevile kama kinyweleo cha pua: mirija kwa duara, na dainini katikati ya mirija kuuvuta na kuuachia ili mbegu iogelee. Kwa Gerson ile mikono haipo. Mbegu zake zipo, ziko hai, ila hazisogei. Wapo watu wachache wenye ugonjwa huu wanaobahatika kuzaa. Kwa nilivyoona mimi, yeye si mmojawapo. Mngekaa mpaka mzeeke pamoja, kosa lisingekuwa lako hata siku moja.

Utaniuliza kwa nini simwandikii mwenyewe. Nimejaribu. Nimeandika "kaka, mbegu zako" nikaichana karatasi kana kwamba Mama amesimama nyuma yangu. Kwetu dada akimtajia kaka yake mambo hayo ni kama amemvua nguo. Angeikunja barua asiimalize, na asingenitazama tena usoni. Hata huku baridini, mbali hivi, mkono umekataa. Lakini wewe ni mkewe. Wewe unaweza kumwambia taa ikiwa imezimwa.

Mwambie kabla ya mavuno, wifi. Akishajua hatakuacha. Akikataa kuamini, mpeleke kwa daktari. Nijibu upesi maana sitapata usingizi.

Wifi yako,
Dorothea


Babati
28 Machi 2004

Wifi Dorothea,

Nimepata. Apolinary alinipa baada ya ibada, nikaisomea shambani.

Nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba chakula. Amelipokea. Nakuomba usimwandikie tena jambo hilo, wala usimwonyeshe kwamba unajua amejua, ataona aibu kwako. Tutalimaliza wenyewe ndani ya nyumba.

Kila asubuhi namlaza kitandani kichwa chini, namgonga mgongo kama ulivyoelekeza. Makohozi yanatoka mengi. Mama yake anatuchungulia mlangoni, anafikiri nampiga, halafu anaona anacheka. Jumapili ameimba wimbo mzima bila kutoka nje kukohoa.

Maharage yameota vizuri mwaka huu.

Ni mimi,
Christina


Maisaka, Babati
8 Agosti 2004

Mdogo wangu Dorothea,

Leo sina utani. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu za kuisoma.

Christina amerudi kwao Mutuka. Tulivuna, Mama akahesabu magunia, kisha akafunga virago vya Christina mwenyewe na kuviweka nje. Nilitaka kugomba. Lakini ningegomba nikisema nini? Miaka yote hii hakuna kitu, na mimi nimesomewa uzima wangu mbele ya mafundi. Christina hakulia, hakugomba wala hakumtukana mtu. Aliomba tu nitafute mtu mwingine wa kunigonga mgongo. Nilimsindikiza mpaka njia panda, tukasimama pale kama watu wasiojuana, halafu akaniambia nirudi, jua linakuwa kali.

Mama amemleta Evelyne kutoka Same. Ni binti mpole, anapika vizuri, ananiogopa kidogo. Namwambia asiniogope. Mchungaji amesema mambo yakikaa sawa tutafunga ndoa baada ya sikukuu.

Kifua kimerudi kunisumbua, lakini ni msimu wa vumbi.

Najua ulimpenda wifi yako. Mimi pia. Usinihukumu kabla hujafika kwenye umri wa kusukumwa na mama yako.

Gerson


Bergen
29 Agosti 2004

Kaka,

Shikamoo.

Unalijua unalolijua, na bado umemtoa nyumbani. Nilidhani nina kaka mwenye moyo, upande wowote ukae. Huyo binti wa watu sitamwita wifi, na wewe hutanieleza chochote nikakielewa. Usiniandikie mpaka nipoe.

Dorothea


Mutuka
17 Oktoba 2004

Wifi, na bado nakuita hivyo,

Apolinary ameniambia umemwandikia Gerson maneno makali. Acha. Hajui kitu. Sikumwambia.

Nilikudanganya ile Machi. Nilikusudia kumwambia kweli, wifi, nililala na maneno yako mdomoni siku nyingi. Lakini wewe hukumwona. Wewe uliona vipande vyake kwenye mashine, mimi nilikuwa namwona yeye anarudi jioni anaimba kutoka barabarani. Tangu nimjue hakuwahi kuimba barabarani. Wale wenzake waliomtengea kikombe walikuwa wanakuja nyumbani kumsalimia. Nikawaza, nimwambie leo kwamba ndiyo, huna TB, lakini huna na hiki? Nikachagua siku, siku ikafika, akaja na kuku mzima kwa furaha tu, nikamchinja yule kuku nikanyamaza.

Na hata ningesema, nani angenisikiliza? Mwanamke asiyezaa akisema ubovu uko kwa mume, watu wanajua anajitetea. Mama yake angesema nimetengeneza barua na wewe. Angempeleka daktari? Angemficha daktari, angeniongezea uchawi juu ya ugumba.

Basi nikaona mmoja wetu lazima abebe, na mimi nina mgongo mzima. Ndivyo nilivyowaza wakati ule. Sasa sijui kama niliwaza vizuri. Usiku naamka nikidhani namsikia anakohoa, kumbe ni ng'ombe.

Kuna mtu wa Dareda anaitwa Damasi, amefiwa na mke, ana watoto wawili. Amekuja kwa baba mara mbili. Hajali kama nazaa au sizai, anataka mama wa wale watoto. Nimekubali. Novemba nitakwenda kwake.

Nakuomba kitu kimoja tu, wifi. Gerson sasa ana mke mwingine ndani, ukimwambia leo utakuwa umevunja nyumba ya pili na ya kwanza haitasimama. Kaa kimya. Na siku moja akijua kwa njia zake akakuuliza, mwambie sikujua.

Christina


Maisaka, Babati
20 Januari 2005

Dorothea,

Najua hujapoa, maana hujaandika. Mimi naandika hata hivyo kwa kuwa furaha haikai ndani ya mtu mmoja.

Evelyne ni mjamzito! Mama amefunga kitenge kichwani tangu asubuhi anazunguka majirani wote wa Maisaka, wanaomhusu na wasiomhusu. Tulifunga ndoa wiki mbili zilizopita, kabla hatujajua, kwa hiyo hata Mchungaji amefurahi.

Nina swali moja la kitaalamu. Je, mtoto atarithi kifua changu? Nalala nikiliwaza hilo. Mimi nimezoea kukohoa, lakini sitaki kusikia kitoto kikikohoa vile. Nijibu mdogo wangu, hata neno moja tu, halafu uendelee na hasira yako.

Baba Mtarajiwa,
Gerson


Maisaka, Babati
22 Mei 2005

Dorothea,

Hukunijibu lile swali la Januari. Sasa nimejua kwa nini, na sikulaumu.

Mwezi uliopita nilikwenda mnadani kununua mbuzi kwa ajili ya uzazi wa Evelyne. Nilikuwa nabishana na muuzaji, nikageuka, nikamwona Christina. Alikuwa na yule Damasi na watoto wawili, mmoja amemshika kitenge. Na tumbo limetangulia. Dorothea, tumbo lenyewe si la kubahatisha, ni tumbo la mtu anayekaribia miezi sita. Akanisalimia kwa heshima, akauliza kifua. Nikamjibu kizima. Damasi akanipa mkono, akaniita ndugu yangu. Wakaenda zao upande wa nguo, na mimi nikasimama pale na kamba ya mbuzi mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Mwanamke aliyekaa kwangu miaka yote bila kitu, amekaa kwa mwingine miezi, amepata. Nikakumbuka barua yako. Nikamtafuta Nickson, akanitolea ile karatasi kwenye sanduku la zana, imejaa saruji. Nikaisoma tena pale mwisho, na safari hii sikufikiria masikio.

Nilikwenda kwa daktari, akaisoma yote, akacheka kidogo lakini si kwa ubaya, akasema, "Dada yako ana adabu sana." Akanipa kikopo. Baadaye akaniita nichungulie mwenyewe, akasema fundi aone kazi yake. Nimechungulia. Zipo nyingi, mdogo wangu, nyingi kuliko nilivyotegemea, na zote zimesimama. Nilisubiri. Nilifikiri labda nikisubiri kidogo mojawapo itajitikisa. Ilikuwa kama site siku ya msiba, watu wapo wote na hakuna anayenyanyua karai. Daktari akazima taa ya mashine polepole, akaniachia nikae.

Evelyne atajifungua mwezi ujao. Sijamwambia kitu, na sitamwuliza kitu. Alikuwa ananiogopa tangu mwanzo, na Mama alikuwa anamtazama tumbo kila asubuhi kama nilivyomwona akimtazama mwenzake. Huenda naye aliona bora afanye aliloweza kuliko kufungiwa virago. Nikisema sasa, nitakuwa nimewatoa wanawake wawili nje kwa ubovu wangu mwenyewe. Mtoto atakuja, ataitwa wangu, nitambeba. Mama anafuma sweta. Nyumba nzima ina furaha, mimi peke yangu ndiye ninayekaa ndani yake kama mgeni.

Sitaki unifariji. Sitaki uniandikie habari za mota. Nataka unijibu swali moja, na safari hii usinizunguke, mimi sasa si kaka wa kuonewa haya. Siku Christina anaondoka, pale njia panda, alinitazama kwa namna ambayo nimeshindwa kuielewa mpaka leo. Nilidhani ni hasira, nikaona si hasira. Niambie. Alikuwa anajua?

Gerson


Bergen
12 Juni 2005

Kaka Gerson,

Shikamoo.

Alijua.

Nilimwandikia mimi, Machi ya mwaka jana, miezi mitano kabla ya mavuno. Nilimwandikia wazi mambo yote niliyoshindwa kukuandikia wewe: kwamba mbegu zako zipo hai ila hazisogei, kwamba yeye ni mzima, kwamba hakuna mwaka ambao angekuzalia. Nilimwomba akuambie. Akanijibu kwamba amekuambia, nami nikaamini, ndiyo maana nilikutukana Agosti. Nilikutukana kwa kosa ambalo hukulifanya.

Hakukuambia kwa sababu ulikuwa umeanza kuimba. Ndivyo alivyoniandikia. Alisema mmoja wenu lazima abebe, akachagua kuwa yeye. Alimwacha Mama amwite mgumba, akatoka na virago vyake akijua kila kitu, akakuambia urudi kwa sababu ya jua. Mimi nilipopata ukweli wewe ulikuwa umeshaanza kuishi na Evelyne, nikanyamaza nikisema nalinda nyumba. Ulipouliza kama mtoto atarithi kifua chako nilikaa na karatasi mezani mpaka wino wa kalamu ukakauka. Mtoto atapumua vizuri, kaka. Jibu lilikuwa hilo tangu Januari.

Aliniomba, siku ukiniuliza, niseme hakujua. Nimemkatalia. Kila mmoja wetu alinyamaza kwa heshima ya mwenzake, mimi kwako, yeye kwako, wewe kwa Mama, na heshima yote hiyo imemtoa mtu mmoja nyumbani na kumwingiza mwingine kwa hofu. Sina heshima ya aina hiyo tena. Lakini pia sitakudanganya kwamba ukweli huu una kazi. Hautarudisha kitu. Hapa maabara naweza kukuchorea kila mkono unaokosekana na mahali ulipotakiwa kukaa, na mgonjwa akiniuliza sasa tufanye nini, namwambia agongwe mgongo.

Usiende Dareda. Najua umeshawaza kwenda. Ungemwambia nini, kwamba umeelewa? Ana mume anayekupa mkono na kukuita ndugu, ana watoto wawili wanaomshika kitenge na wa tatu njiani. Mwache na hicho alichokipata. Rudi kwa Evelyne, mwonyeshe uso wa mtu asiyejua, maana sasa ni zamu yako kubeba, na hakuna atakayekushukuru.

Na ukimwona Christina tena mnadani, msalimie, upite.

Mdogo wako,
Dorothea